Barua ya wazi kwa walioshika kalamu ya kutia saini misaada na mikopo yetu

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje, nanyi Waheshimiwa Wabunge,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na salamu za heshima kwenu nyote. Nawaandikia kutoka Makambako, mji ambao wengi wenu mnaupita mkielekea Mbeya, Njombe au Songea. Nilifundisha historia kwa miaka 31 katika shule za sekondari za mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini. Sasa nimestaafu, nalima mahindi na viazi, na nikiwa shambani masikio yangu hupokea sauti mbili: malori ya barabara ya Tanzam, usiku na mchana, na treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, siku inapopita.

Barabara hiyo ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za Marekani. Reli hiyo ilijengwa na China. Zote mbili zilijengwa katika kipindi kimoja, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, zote zikielekea Tunduma na Zambia, na zote zinapita hapa kwetu. Kila mwaka nilipofika kwenye somo la Vita Baridi, alikuwepo mwanafunzi aliyeuliza swali lilelile: "Mwalimu, nchi maskini kama yetu ilipataje vyote viwili kwa wakati mmoja?" Nilimjibu kwamba Mmarekani alikuwa anamwogopa Mchina, na Mchina alikuwa anamwogopa Mmarekani, na Mrusi akiwa juu yake. Sisi tulikuwa katikati, na tulikuwa na kiongozi aliyejua kwamba yuko katikati.

Nimeamua kuwaandikia kwa sababu woga ule umerudi, ukiwa na majina mapya, na naona mikataba inasainiwa haraka.

Baba yangu alifanya kazi kwa wote wawili. Alianza kama kibarua wa barabara, akiponda kokoto na kumwaga lami upande wa Iringa. Reli ilipofika akahamia kwa Wachina, akachimba mahandaki kati ya Mlimba na Makambako, kipande ambacho wazee wa huku mpaka leo wanakitaja kwa kutikisa kichwa, maana mlima ni mkali na udongo unaporomoka mvua zikianza. Alituambia kwamba barabarani mshahara haukuchelewa hata siku moja, na msimamizi wake Mzungu alikaa kwenye nyumba ya mabati yenye friji, mbali na vibarua. Relini mtaalamu wa Kichina alilala kambini, akalima mchicha wake pembeni ya hema, akashika sururu. Lakini baba hakupata kusema kwamba huyu ni mwema na yule mbaya. Alichokirudia mpaka anafariki ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja Makambako kwa ajili ya Makambako.

Waheshimiwa, nawaomba mnivumilie kidogo nirudi mwanzo, kwa sababu mambo haya hayakuanzia kwetu na ni vizuri anayekaa mezani ajue meza ilichongwa wapi.

Februari 1947 Uingereza, ikiwa imefilisika kwa vita, iliiambia Marekani kwamba haina tena uwezo wa kuzisaidia Ugiriki na Uturuki. Ugiriki ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakomunisti wakiwa msituni. Tarehe 12 Machi mwaka huo Rais Truman alisimama mbele ya Bunge lake akaomba dola milioni 400 kwa ajili ya nchi hizo mbili. Miezi mitatu baadaye, tarehe 5 Juni, waziri wake wa mambo ya nje, George Marshall, alitoa hotuba pale Harvard akapendekeza mpango wa kuijenga upya Ulaya nzima. Alisema sera hiyo hailengi nchi yoyote wala itikadi yoyote, inalenga njaa, umaskini, kukata tamaa na vurugu. Nadhani alimaanisha. Lakini Bunge la Marekani lilisuasua kuutoa mfuko, hadi Februari 1948 wakomunisti walipotwaa madaraka Chekoslovakia. Hapo mambo yakaenda mbio, na Aprili mwaka huohuo sheria ikasainiwa. Njaa ya Ulaya ilikuwepo tangu vita vilipokwisha mwaka 1945. Kilichofungua pochi ni habari kutoka Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia.

Katika miaka ile minne iliyofuata, zaidi ya dola bilioni 13 zilikwenda katika nchi 16 za Ulaya. Na hapa kuna jambo ambalo nawasihi mliandike mahali mnapoliona kila siku. Marshall aliwaambia Wazungu wenzake kwamba orodha ya mahitaji waiandike wao. Wakakutana Paris, wakabishana, wakaandika wenyewe wanachotaka: makaa ya mawe, ngano, mashine, mbolea. Na sehemu kubwa ya fedha ile ilikuwa ruzuku, hairudishwi. Kwa hiyo hata Marekani ilipokuwa ikisukumwa na woga wa Stalin, kiongozi wa Urusi, ilielewa kwamba ili Mfaransa na Mwitaliano wasiukimbilie ukomunisti ni lazima wawe na viwanda vyao vinavyofanya kazi. Stalin naye aliona hivyohivyo, ndiyo maana akazikataza Poland na Chekoslovakia zisishiriki.

Dawa ile ilipoletwa Afrika na Asia na Amerika ya Kusini ilikuwa imebadilika chupani. Mwaka 1954 Marekani ilitunga sheria ya kuuza na kugawa nafaka yake ya ziada ng'ambo. Mkulima wa Kansas alikuwa na ngano nyingi kuliko soko lake, na nchi zenye njaa zilihofiwa kugeukia Moscow. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alikusanya mipango yote chini ya shirika moja, USAID, lililoanza tarehe 3 Novemba. Sisi Tanganyika tulipata uhuru tarehe 9 Desemba. Shirika lile lilitutangulia kwa siku 36. Katika hotuba zake kwa Bunge lake Kennedy hakuficha kwamba misaada ilikuwa sehemu ya kuuzuia ukomunisti usienee katika mataifa mapya, na mataifa mapya ndiyo sisi. Vijana wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, waliokuja kwetu mwaka uleule walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, waliokuja kusaidia kupanga barabara. Sina neno baya juu yao. Mzee mmoja wa kwetu bado anakumbuka jina la aliyemfundisha kusoma ramani.

Bulga mnaikumbuka? Waheshimiwa wa rika langu mtaikumbuka. Tuliila shuleni, ngano ile ya kupondwa yenye harufu ya gunia, na gunia lenyewe lilikuwa na picha ya mikono miwili inayopeana salamu. Kisha ukaja unga wa mahindi ya njano, ule watu waliouita unga wa yanga. Mama alipika ugali wake kwa shida, akisema haushiki mwikoni. Tulishiba. Sitaki mtu anisome akadhani najifanya nilikuwa na kiburi cha kukataa chakula. Lakini tulikula tukiwa watoto, bila kujua kwamba kuna mtu aliyehesabu shibe yetu kama kura iliyopungua kwa upande wa pili.

Mwalimu Nyerere alijua. Nasema hivi nikijua kwamba alikosea katika mambo mengi, na wanafunzi wangu niliwafundisha makosa yake pia, vijiji vya kulazimishwa vikiwemo. Lakini tazameni miaka miwili tu, 1964 na 1965. Zanzibar ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Nchi za kikomunisti zikaikimbilia kuitambua, na magazeti ya Magharibi yakaanza kuandika kwamba Kuba ya Afrika imezaliwa. Ujerumani Mashariki ikaahidi nyumba, na majumba ya Kikwajuni na Michenzani yako pale mpaka leo, watu wanaishi. Baada ya Muungano wa Aprili, Ujerumani Magharibi ilidai kwamba Wajerumani wa Mashariki wasipewe nafasi ya ubalozi katika nchi hii. Wakati huo Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, ilikuwa na sheria yake: anayeitambua Ujerumani ile nyingine hapati kitu. Mwalimu alitafuta njia ya katikati, akawaruhusu wale wa Mashariki wawe na ofisi ya konseli tu, Dar es Salaam, bila kuitambua serikali yao. Februari 1965 Ujerumani Magharibi ikaondoa wataalamu waliokuwa wakitufundishia marubani na wanamaji. Mwalimu akajibu kwamba kama msaada wa kijeshi unaweza kukatwa ili kutuadhibu kwa uamuzi wetu, basi na ule mwingine wote wauchukue. Kanada ikaja ikachukua kazi ya kuwafundisha marubani.

Desemba mwaka uleule ikawa zamu ya Uingereza. Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, tarehe 11 Novemba, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaamua kwamba Uingereza isipomzima, uhusiano uvunjwe. Nchi nyingi zilipiga kura mkutanoni zikaenda nyumbani kulala. Tanzania ilivunja. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umeshakubaliwa ukasimama. Kwa nchi yenye umri wa miaka minne ilikuwa fedha nyingi mno, na kuna barabara na mashule ambayo hayakujengwa kwa sababu hiyo. Mwalimu aliwaeleza wananchi gharama hiyo waziwazi. Baba yangu hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, lakini alijua kwamba kuna mkopo wa Waingereza tumeupoteza na alijua kwa nini.

Hilo ndilo ninalowaomba zaidi ya yote katika barua hii, na nitalirudia: kibarua wa barabara alijua.

Sasa reli. Benki ya Dunia ilikuwa imeangalia wazo la reli ya kwenda Zambia mwaka 1964 ikasema haitalipa. London na Washington hazikuwa na hamu nayo. Urusi nayo haikuichukua. Zambia ilikuwa imebanwa, shaba yake inapita Rhodesia na Msumbiji ya Wareno, na baada ya Smith kuasi, mafuta yalipelekwa kwa malori yaliyobeba mapipa kwenye barabara ya udongo, malori yakipinduka kila masika. China iliposema itajenga, kuna watu hawakuamini. Hata wengine wa kwetu waliona aibu kumwomba mtu ambaye mwenyewe alikuwa anatembelea baiskeli. Mkataba ulisainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa, ikiwa na mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Wachina zaidi ya 60 walifia huku, na makaburi yao yako nje kidogo ya Dar es Salaam.

Na Marekani, iliyoikataa reli, ghafla ikaona umuhimu wa barabara. Sijui kama mnaona uzito wa jambo hilo. Barabara ninayoisikia nikipalilia mahindi imetokana na hofu ya reli ninayoisikia nikipalilia mahindi.

China haikufanya sadaka. Gharama za ndani, yaani mishahara ya akina baba yangu, zililipwa kwa bidhaa za China tulizotakiwa kuzinunua na kuziuza katika maduka yetu, ndiyo maana nyumba nyingi za wakati ule zilijaa mabeseni ya kuchora maua na tochi za Kichina. Na kisiasa ilipata kikubwa zaidi. Tarehe 25 Oktoba 1971 China iliingia Umoja wa Mataifa kwa kura za nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, na balozi wetu kijana, Salim Ahmed Salim, akishangilia ukumbini. Miaka kumi baadaye, 1981, Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo, Marekani ilimpigia kura ya turufu, raundi baada ya raundi. Hesabu za woga hazisahauliki upesi katika miji mikuu ya wakubwa. Kwetu ndiko tunakosahau.

Wakati sisi tunavuta huku na huku, majirani zetu walichagua njia nyingine, na nadhani mifano yao inafundisha kuliko yetu.

Kenya kulikuwa na hospitali ya Kisumu iliyojengwa na Warusi, ambayo mpaka leo wakazi wanaiita Russia. Ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969. Rais Kenyatta na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, walirushiana maneno hadharani siku ile, mawe yakarushwa, walinzi wakapiga risasi, watu wakafa nje ya jengo lililokusudiwa kuponya watu. Siku chache baadaye chama cha Odinga kikapigwa marufuku naye akawekwa kizuizini. Kenya ilikaa upande wa Magharibi. Mwaka 1980 iliwaruhusu Wamarekani kutumia bandari ya Mombasa, na misaada ikaongezeka. Mwaka 1982 katiba ikafanywa ya chama kimoja, watu wakafungwa, wakateswa, na wafadhili waliendelea kuleta fedha. Kisha Ukuta wa Berlin ukaanguka Novemba 1989. Miaka miwili baadaye, Novemba 1991, wafadhili walewale walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya kwa Kenya hadi mageuzi yafanyike. Desemba, kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa na vyama vingi vikarudi. Nafurahi kwa Wakenya, waliokuwa wamepigania jambo hilo kwa damu yao wenyewe kabla Paris haijafungua mdomo. Ila najiuliza kuhusu wale waliofungwa mwaka 1982, 1986, 1987. Mateso yao hayakuwa madogo kuliko ya mwaka 1991. Walikosa tu kuteswa katika mwaka ambao Moscow haiogopwi tena.

Zaire ndiyo inayoniumiza. Mobutu alitwaa nchi Novemba 1965 akajitangaza ngome ya kuzuia ukomunisti katikati ya Afrika, na kwa neno hilo moja alipewa fedha kwa miaka 25. Katika miaka ya 1970 ulianza kujengwa mstari wa umeme kutoka bwawa la Inga, karibu na bahari, hadi Kolwezi katika mkoa ulioitwa Shaba, ambako ndugu zetu wanasema Kiswahili kama sisi. Ni zaidi ya kilomita 1,700. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mikopo ya Marekani. Nguzo zinapita juu ya vijiji na vijiji, na vijiji hivyo viko gizani, kwa kuwa umeme wenyewe ni wa mkondo mnyoofu unaobadilishwa kwenye ncha mbili tu: Inga unakoanzia na Kolwezi unakoishia kwenye migodi. Katikati hauchoteki. Mkoa wa Shaba ulikuwa umejaribu kujitenga mwaka 1960, na mstari ule uliufunga Kinshasa kama kamba: anayeshika swichi ya Inga anashika migodi. Juni 1989 Mobutu alipokelewa Ikulu ya Marekani, rais wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kukaribishwa na Rais Bush. Haikupita miaka miwili Bunge la Marekani likamkatia msaada. Alichowaachia Wakongo ni deni na nguzo.

Nilikuwa nikichora mstari ule ubaoni, pembeni nachora nyumba ya mwanakijiji iliyo chini yake, na darasa lilikuwa likinyamaza.

Nimeeleza haya yote kwa kirefu kwa sababu mwaka 2025 tumeona mwisho wa mlolongo ule ulioanza mwaka 1961. Januari ilitoka amri Washington ya kusimamisha misaada kwa siku 90. Tarehe 1 Julai USAID ikafungwa rasmi. Jirani yangu ana binti aliyekuwa akilipwa kupitia mradi mmoja, kazi yake kuwafuata nyumbani wagonjwa walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Alikuwa anawajua kwa majina, anajua nani anaficha dawa kwenye debe la unga ili mume asizione. Alipewa taarifa ya kusimama kazi kwa ujumbe wa simu. Nilimkuta amekaa kibarazani na daftari lake la wagonjwa, hajui amkabidhi nani. Mfumo haukuwa wetu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wetu wa kulipokea daftari.

Waheshimiwa, siwalaumu Wamarekani kwa kuchoka kutoa kilicho chao. Nawauliza ninyi: tulipewa fedha hizo kwa miongo mingi, ni nani alikaa akaandika siku ya kuondoka kwao itakuwaje?

Na sasa wapo tena mlangoni, wote wawili, na shaba ndiyo ileile. Desemba 2024 Rais wa Marekani wa wakati ule, Joe Biden, alifika Angola mwenyewe kuinadi reli ya Lobito, itakayotoa shaba na kobalti ya Kongo na Zambia upande wa Atlantiki. Septemba 2025 sisi na Zambia tulisaini na kampuni ya China, CCECC, mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha TAZARA, wenye thamani ya dola bilioni 1.4. Hakuna anayetaja ukomunisti tena, maana hata Wachina wanakuja na mahesabu ya faida. Siku hizi wanasema minyororo ya ugavi, madini ya kimkakati, ushindani. Lakini mzee anayekumbuka magunia ya bulga anaitambua mikono ile miwili.

Siwaombi mkatae. TAZARA imechoka, Waheshimiwa. Ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka na haijapata kuzifikia hata mara moja. Vichwa vya treni vimekufa, mabehewa yameota majani, na wafanyakazi wake wamewahi kukaa miezi bila mshahara. Ikifufuliwa, Makambako itafufuka, Mlimba itafufuka, mkulima wa ndizi wa Mngeta atafika sokoni. Naitaka reli hiyo kuliko mnavyoweza kudhani, baba yangu aliacha kidole chake kimoja katika handaki lake.

Ninachoomba ni kwamba tusomewe. Hapa Makambako hakuna aliyetusomea mkataba wa 2025. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Maneno hayo, "kwa masharti yake", ndiyo mlango wa nyuma. Anayeandika mkataba akiamua kutoweka sharti la kuridhiwa, Bunge halina la kujadili. Mwaka 2017 mlitunga sheria inayolipa Bunge nguvu ya kuipitia upya mikataba ya maliasili yenye masharti ya kinyonyaji. Ilikuwa sheria nzuri na niliifundisha kwa fahari. Itungeni nyingine ya namna hiyo kwa misaada na mikopo: kila mkataba wa serikali na serikali, au na kampuni ya serikali ya nje, unaozidi kiwango mtakachokiweka, uletwe bungeni kabla ya kusainiwa, na uchapishwe kwa Kiswahili. Kiswahili kamili, cha vifungu vyote na viambatisho, maana mara nyingi riba na dhamana ndimo zinamokaa.

Na katika kila mkataba wa afya, elimu au chakula kiwekwe kifungu cha kuondoka. Mfadhili akitaka kwenda, aende, lakini kwa notisi ya miaka, na katika miaka hiyo mishahara ya watu kama binti wa jirani yangu ihamie hatua kwa hatua katika bajeti ya halmashauri. Ulaya ya 1948 iliandika orodha yake yenyewe. Orodha yetu ya mahitaji ya TAZARA iliandikwa na nani? Ni stesheni zipi zitafunguliwa na zipi zitafungwa? Treni ya abiria ya kawaida, ile inayosimama vijijini kati ya Ifakara na Mlimba ambako hakuna barabara ya maana, imetajwa katika mkataba au imeachwa kwa huruma ya mwendeshaji? Kwa sababu kampuni inayohesabu tani za shaba inaweza kabisa kupitisha treni zake mbele ya mama mwenye magunia matatu ya mpunga bila kusimama, na tutakuwa tumejengewa mstari wa Inga mwingine, huu wa chuma.

Nina umri wa kutosha kujua kwamba barua kama hii husomwa na karani, ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Kwa hiyo naweka ombi moja dogo ambalo hata karani anaweza kulitekeleza. Kabla ya kikao kijacho cha Bajeti, tumeni nakala ya mkataba wa TAZARA kwa Kiswahili katika kila stesheni iliyo upande wa Tanzania, kuanzia Dar es Salaam hadi Tunduma. Hapa Makambako mwachieni mkuu wa stesheni. Siku ya Jumamosi, watu wakitoka mnadani, nitausoma mimi mwenyewe kwa sauti, kifungu kwa kifungu, mpaka uishe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Makambako, Mkoa wa Njombe